Commando wa Pili

Mbwa wa kwanza wa Patron Bokungu nilimzika mimi mwenyewe, nyuma ya depo ya mahindi, mwezi wa pili, wakati wa mvua. Shimo lilijaa maji kabla sijamaliza kulichimba. Aliitwa Commando, alikufa kwa uzee, na alikuwa na kitabu kidogo cha kijani ambamo veterineri, daktari wa mifugo, alipiga muhuri kila mwaka kwamba amechomwa sindano ya kichaa cha mbwa. Naanza hapo kwa sababu watu wote wa Kamina wanaosimulia habari hii wanaanza na mtoto, na mimi siwezi kuanza na mtoto.

Nilikuwa sentineli wa Bokungu, yaani mlinzi wa geti, kwa miaka mitatu; yeye na mtaa wote waliniita vieux, mzee. Kabla ya hapo nilipakia samaki Mulongo, nikachimba makaa Luena, nikasukuma baiskeli ya mafuta ya mawese mpaka miguu ikakataa. Sikukaa mahali popote kuzidi masika mawili. Kwa Bokungu nilikaa kwa sababu ya chumba: chumba kimoja kando ya geti, chenye bati lisilovuja. Mtu akifika miaka sitini na nane, bati lisilovuja linamfunga kuliko ndoa.

Wiki tatu baada ya mazishi yale, lori la mahindi lilirudi kutoka Kasumbalesa na mbwa mwingine ndani ya kizimba cha mbao. Alikuwa wa wale wa Afrika Kusini, kifua kama pipa, kichwa kipana kama jiwe la kusagia. Bokungu akamzunguka kizimbani, mikono mfukoni, akicheka peke yake.

"Na hii," akasema, "njo Commando."

Hakuna aliyeshangaa kwamba huyu naye ndiye Commando. Kwetu Baluba jina la marehemu haliachwi lipotee. Mjomba akifa, mtoto anayezaliwa anapewa jina lake, na tangu siku hiyo wazee wenye mvi wanamwita yule mtoto mchanga "mjomba", wanamwamkia kwa heshima, na kiti cha marehemu na shoka lake vinamngojea akue. Basi mbwa wa pili akachukua jina, akachukua mnyororo, akachukua bakuli. Akachukua na kitabu. Nilikiona kikining'inia kwenye msumari wake palepale deponi, nikapita. Sikufikiri kwamba sindano hairithiwi.

Mbwa wa kwanza alikuwa mbwa wa kubweka. Huyu hakubweka. Alitazama. Bokungu alitaka geti liwe wazi mchana na mbwa alale kizingitini bila mnyororo, watu wamwone.

"Patron," nilimwambia, "hii imbwa tuifunge muchana. Batoto ba masomo banapita hapa."

"Vieux Nyembo, imbwa ya kufungwa iko mbuzi. Wacha baogope. Muntu akivuka njia sababu ya imbwa yangu, njo nyumba inaheshimiwa vile."

Nilisema mara tatu, kwa siku tatu mbalimbali. Mara ya nne sikusema.

Parsele, yaani kiwanja, ya nne kutoka kwetu aliishi Mama Florentine, katibu katika ofisi ya shule moja, na binti yake Tshiela wa miaka minane. Mume wake alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya Kolwezi na huko akabaki. Walikuwa watu wa Kasai. Florentine alizaliwa hapahapa Kamina, akafukuzwa hapahapa pamoja na wazazi wake katika ile miaka ya tisini na mbili, tisini na tatu, Wakasai walipofukuzwa Katanga, akakulia Mwene-Ditu, huko Kasai, akarudi mtu mzima. Kila asubuhi alipokaribia geti letu alimshika mtoto mkono, akavuka upande wa pili wa barabara, kisha akaniamkia kutoka kule.

"Mama Florentine!" nilikuwa namchokoza. "Weye Mukasai unakimbia imbwa? Imbwa njo ingekimbia weye! Bantu banasema kwenu iko nyama."

"Ile hapana, vieux," alikuwa anajibu bila kusimama. "Ile iko na mafuta ya kiburi. Ingetuharibu tumbo."

Na mtoto alikuwa anacheka, na mimi nacheka. Mbwa alitutazama.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, saa saba za mchana. Mama yake alikuwa amezuiliwa kazini, kwa hiyo Tshiela alirudi peke yake. Nilimwona akifika kwenye mti wa umeme, akatazama geti, akavuka upande wa pili kama alivyofundishwa. Mbwa naye akavuka.

Sitaeleza yote. Nilimpiga mbwa kwa jembe mgongoni mpaka mpini ukavunjika, ndipo akaachia. Shavu la kushoto lilikuwa wazi, na chini ya sikio, penye shingo, palikuwa na matundu mawili. Nilimbeba mtoto kifuani mpaka kituo cha afya, na njiani aliniambia jambo moja tu, la daftari lake: "Babu, kaye yangu imeanguka."

Munganga Nahum, anfirmie, yaani muuguzi wa kituo kile, aliosha vidonda kwa sabuni na maji, muda mrefu, mpaka nikafikiri hajui kazi nyingine. Florentine akafika akikimbia, kiatu kimoja mkononi. Nahum alimwambia bila kuacha kuosha:

"Mama, usikilize. Nataka kujua kintu kimoja. Imbwa iko na sindano ao haina? Kama iko nayo, tutaiangalia siku kumi, ikibaki muzima, mutoto pia iko muzima. Kama haina, musilale hapa. Muende Lubumbashi leo. Hapa chanjo ya bantu haiko, na kidonda iko karibu na kichwa. Larage, ile kichaa ya imbwa, inatembeaka, na ku kichwa njo kwenye inaenda."

Nilikwenda kwa Bokungu mbio za mzee. Nilimkuta uani, lori limewashwa, mbwa amekwishafungwa ndani ya kizimba kilekile. Alikuwa anampeleka kwenye shamba lake, njia ya Kabongo, kabla watu hawajakusanyika na mawe. Nikamwambia maneno ya Nahum. Akaingia deponi, akatoka na kitabu cha kijani.

"Peleka. Na gunia ya bunga, na bido ya mafuta. Uwaambie nabapa pole."

Nikakishika kitabu. Nikasema, "Patron, hii iko ya ile ya zamani. Ile nilizika."

"Unajua kusoma?"

"Kidogo."

"Soma jina."

"Commando."

"Na muhuri?"

"Iko ya mwaka jana."

"Basi iko ya Commando, na muhuri haiyaisha. Weye Muluba unakatala majina? Leo?" Akanisogelea, akashusha sauti, akawa kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Vieux, imbwa ni muzima, inakula vizuri. Tutamuhangaisha huyu mama mpaka Lubumbashi bule? Na kama kazi imekuchosha, sema. Bantu bengi banatafuta chumba."

Nilitazama chumba changu. Ni kweli, nilikitazama. Kisha nikapakia gunia na dumu la mafuta kwenye baiskeli, kitabu mfukoni.

Kituoni Nahum alisoma muhuri, akasoma tarehe, akapumua. Florentine hakusoma. Alinitazama mimi.

"Vieux, weye njo unaishi na ile imbwa. Hiki kitabu iko yake?"

"Iko yake, mama."

Ndugu mmoja wa Florentine, aliyekuja na hasira, alitaka waende polisi saa ileile, Bokungu ajibu kwa nini mnyama kama yule analala barabarani. Florentine alikataa. "Wacha," alimwambia. "Tulilala ku stesheni na virago wiki sita, nilikuwa mudogo sawa huyu. Bantu balikuwa banapita, banatuhesabu. Baba alisema: tukirudi Katanga, tusikuwe ba kwanza kupiga kelele. Imbwa iko na sindano. Mutoto atapona. Imekwisha."

Na kweli kidonda kilifunga vizuri. Wiki ya pili Tshiela alirudi shuleni na plasta shavuni. Alipita getini kwangu upande wetu, kwa sababu sasa geti halikuwa na kitu. Alinionyesha kaye mpya. Siku ya kumi Nahum alinikuta sokoni, akaniuliza: "Imbwa mulioipeleka shamba, nani aliiona?"

"Patron anasema iko muzima."

"Sikuulize patron. Weye uliiona?"

"Nitaenda kuiona," nikasema. Nikarudi chumbani, nikalala.

Siku ya kumi na moja redio ya mji ikasoma amri. Habari ya mtoto ilikuwa imezunguka, na wakubwa walitaka waonekane wanafanya kitu. Mbwa wote wakubwa, wa aina ya wale wenye vichwa vipana, ni marufuku. Wauawe ama watolewe mjini. Kesho yake, Jumamosi, vijana wa brigedi ya mji wakapita na marungu na nyaya. Hawakujua aina. Nani angewafundisha aina? Walimkuta mbwa njiani, walimpiga. Kwenye parsele zenye kuta ndefu geti lilikuwa limefungwa, nao hawakugonga. Mzee Masengo, mwindaji, jirani yetu, alikuwa na jike jekundu jembamba ambalo mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Wiki ileile lilikuwa linanyonyesha. Masengo alilikumbatia shingoni, akakaa nalo vumbini.

"Hii haina kichwa kipana!" alikuwa analia. "Angalieni kichwa! Angalieni!"

"Tata, toa mikono," kijana mmoja alimwambia, kwa upole kabisa. "Tutakupiga na weye."

Akatoa mikono.

Waliua mbwa arobaini na mmoja siku ile, nasikia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemuuma Tshiela. Na mchana ule Bokungu alisemeshwa na redio, mimi nikiwa nafagia chini ya dirisha lake: amri ni nzuri, alisema, kila mwananchi aitii, yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kutoa mbwa wake mjini.

Alipomaliza nilimfuata. Bado nilikuwa namwona Masengo vumbini. "Patron, na Commando? Bataileta lini, iuawe na amri sawa zile za bengine?"

Akacheka. "Vieux, unaua imbwa mara ngapi?"

Akanywa maji yake. Hakuona kwamba amesema kitu.

Jumapili alfajiri nikachukua baiskeli. Ni kilomita ishirini na saba mpaka shambani, na mchanga wa njia ile unakunywa magurudumu. Katende, mlinzi wa shamba, ni mtu tuliyewahi kupakia samaki pamoja. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Alipoona ni mimi, aliweka gunzi chini.

"Commando iko wapi?"

"Ilikufaka."

"Lini?"

"Ile Ijumaa ya kwanza. Ilikuja hapa Lundi, siku iliuma mutoto, kesho yake Mardi ikaanza kuuma munyororo. Kisha ikauma hewa, hivi, tak, tak, sawa muntu anakamata nzi. Sauti ikaisha. Mate, mate tu, sawa povu ya sabuni. Nilipelekea patron ujumbe. Akajibu tuchome mwili, tufunge kinywa." Akanitazama usoni. "Alikuambia inakula, eh?"

Sikukaa hata kunywa maji. Nilirudi nikisukuma zaidi ya nilivyopanda, na jua lilikuwa bado juu nilipofika kwa Florentine. Walikuwa wamevaa bado nguo za misa. Alikuwa amemkalisha mtoto kwenye kigoda anamkata kucha. Akaniambia, kabla sijasema, "Anajikuna kovu mpaka damu inatoka, huyu. Tangu jana. Anasema iko sawa siafu banatembea ndani."

"Mama," nikasema, "imbwa ilikufa. Ilikufa na larage, siku ine kisha kumuuma. Kile kitabu haikukuwa yake. Ilikuwa ya ile ya kwanza."

Mkasi ukabaki hewani. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Bokungu alitudanganya?"

"Alidanganya."

Neno la pili, na mimi, lilikuwa mdomoni, na nilingoja kidogo nione kama litatoka lenyewe. Halikutoka. Florentine alikuwa amekwishasimama, anaita ndugu yake, anatafuta viatu vya mtoto, na alipopita karibu yangu alinishika mkono. "Asante, vieux. Weye peke yako ulienda kuangalia. Weye uko muntu."

Treni haikuwako mpaka Alhamisi. Walipata lori la chumvi Jumatatu asubuhi. Nilisimama barabarani, nikamwona Tshiela amekaa katikati ya dereva na mama yake, kitambaa cha mama kimezungushwa shingoni mwake. Alinipungia mkono.

Yaliyotokea huko niliyasikia baadaye, kwa ndugu wa Florentine, siyo kwake mwenyewe. Walipita Bukama salama. Karibu na Luena mtoto aliomba maji. Mama akampa chupa. Akaisogeza mdomoni, koo likakaza, akaitupa, akaanza kutetemeka. Akaomba tena. Akaitupa tena. Dereva alikuwa mtu mzima. Alizima redio, akaongeza mwendo mpaka Likasi. Huko waganga walimtazama mtoto, wakamchukua mama kando. Tshiela alikufa Jumatano. Walimrudisha kwa treni, ile ya Alhamisi iliyochelewa mpaka Jumamosi, na watu wote wa stesheni walisimama walipoteremsha sanduku, kwa sababu lilikuwa dogo.

Baada ya mazishi Florentine alikwenda mwenyewe kupiga kelele. Hakumwuliza mtu. Alimshitaki Bokungu, na Bokungu akaitwa, na mimi nikaitwa, siku moja na saa ileile, katika biro, yaani ofisi, ya Isaïe, ofisa wa polisi wa kuandika maneno ya mashitaka. Ni chumba kidogo: meza, kabati, benchi moja ukutani.

Bokungu alikuja na suti. Alisema kwa utaratibu, na Isaïe akaandika. Kwamba imbwa haiko tena. Kwamba imbwa za aina ile zimekwisha kukatazwa na amri, yeye mwenyewe aliiunga mkono redioni, basi sheria imekwisha kufanya kazi yake. Kwamba anaumia sana. Na kuhusu kitabu: yeye alimwambia sentineli achukue kitabu cha mbwa deponi, sentineli ni mzee, vitabu vilikuwa vingi, alichukua kisicho chake. "Simulaumu," akasema. "Alisoma kidogo tu, masikini."

Isaïe akanigeukia. "Vieux, njo vile? Ulikosea?"

Florentine alikuwa amekaa karibu na mlango. Alitikisa kichwa kunipa moyo, kama mtu anayemsaidia mzee kukumbuka. Nilijua ninachoweza kusema. Nikisema ndiyo, nilikosea, Bokungu anarudi kwake na mimi narudi chumbani kwangu, na yeye Florentine anaendelea kunitazama vilevile.

"Hapana," nikasema. "Kitabu ilikuwa moja tu. Alinipa mu mukono. Nilimwambia iko ya imbwa ile nilizika. Akasema soma jina, nikasoma. Akasema bantu bengi banatafuta chumba. Nikapeleka."

"Muongo!" Bokungu akasema. "Muzee amelewa!"

Isaïe akaweka kalamu chini. "Vieux, unaelewa? Nikiandika vile, Bwana Bokungu halali kwake leo. Na weye pia. Weye njo ulipeleka, na ulijua."

"Andika."

Aliandika polepole. Kisha Florentine akaongea, na sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda.

"Vieux, ile Lundi. Lori ya kwenda Lubumbashi ilipitaka saa ngapi?"

Kila mtu wa mtaa wetu anajua. Linapita mbele ya geti kila Jumatatu.

"Saa kumi," nikasema.

"Na saa kumi weye ulikuwa wapi?"

"Mbele yako ku kituo, mama. Na kitabu."

Florentine akainama, akakaza mkanda wa kiatu, akasimama. Isaïe akamwambia anaweza kungoja aweke sahihi. Akasema atarudi kesho, akatoka. Tulisikia hatua zake zikipita baraza lote, mpaka kwenye mchanga.

Isaïe akafunga mlango, akatuonyesha benchi. Bokungu akakaa. Mimi nikakaa. Akatuambia tusogeane, kwa sababu kulikuwa na wengine wa kulala pale wanakuja.